Nene, Nono na Kiribatumbo: Urithi wa Judy Freespirit kwa Wanaisimu wa Kiswahili

1.0 Utangulizi

Katika Singe, kata mojawapo ya mji wa Babati mkoani Manyara, kama ilivyo katika sehemu nyingi za Tanzania, mtu anayerejea nyumbani baada ya kukaa mbali kwa muda huweza kupokewa kwa kauli "Umenenepa!", na msemaji akawa na nia ya kumpongeza. Kauli hiyo hiyo ikitamkwa na mhudumu wa afya mbele ya mzani huwa ni onyo. Ikitamkwa na kijana wa kijiweni kwa mama apitaye njia, huwa ni kejeli. Mofimu hazikubadilika wala mpangilio wake haukubadilika. Kilichobadilika ni mamlaka aliyo nayo msemaji juu ya mwili wa anayesemwa.

Jambo hili ni la kawaida mno kiasi kwamba wanaisimu wa Kiswahili hawakuona haja ya kulishughulikia. Lugha ya jinsia imejadiliwa. Lugha ya ulemavu nayo imejadiliwa, na mabadiliko yake yanaonekana: neno "watu wenye ulemavu" limechukua nafasi ya majina yaliyoanza kwa kiambishi cha vitu, na "watu wenye ualbino" limelisukuma pembeni neno "zeruzeru" katika hati za serikali. Lugha ya unene imebaki nyuma, kana kwamba mtu mnene hana haki ya kuuliza anaitwaje. Makala haya yanadai kwamba ana haki hiyo, na kwamba njia bora ya kuukumbuka mchango wa Judy Freespirit, mwanaharakati wa Marekani aliyefariki mwaka 2010, ni kuifanya kazi ambayo yeye aliianza katika Kiingereza na ambayo katika Kiswahili haijaanza.

2.0 Freespirit na tendo lake la kiisimu

Judy Freespirit alizaliwa mwaka 1936. Anakumbukwa zaidi kwa hati fupi aliyoiandika pamoja na mwenzake aliyejiita Aldebaran na kuitoa Novemba 1973 huko Los Angeles, yaani ilani ya ukombozi wa wanene. Hati hiyo ina vipengele saba tu. Inadai heshima na haki sawa kwa watu wanene katika nyanja zote za maisha. Inauhusisha ukandamizaji wao na ukandamizaji wa wanawake, wa watu wa rangi na wa tabaka la wafanyakazi. Inayataja makampuni ya kupunguza uzito kuwa ni adui, na inamalizia kwa mwito unaoiga kwa makusudi ule wa Marx na Engels wa mwaka 1848. Waandishi wake walikuwa katika kikundi kidogo cha wanawake kilichoitwa Fat Underground, ambacho kwa Kiswahili chaweza kuitwa "Wanene wa Chinichini".

Kikundi hicho hakikuzuka patupu. Mwaka 1969 William Fabrey alikuwa ameanzisha chama cha kitaifa cha wanene, NAAFA, na mwaka 1970 Llewellyn Louderback alikuwa ametoa kitabu chake Fat Power, ambacho ndicho kilichomwamsha Aldebaran. Wanawake wa Los Angeles walikuwa kwanza ndani ya NAAFA. Walitofautiana nayo kwa kuwa waliona chama kinaomba huruma wakati wao walitaka haki. Inafaa kutaja hapa kwamba jina la kwanza la chama hicho lilikuwa na kitenzi cha kusaidia: chama cha kuwasaidia Wamarekani wanene. Baadaye kirefu kilibadilishwa bila kugusa herufi za kifupi, kikawa ni chama cha kuendeleza kukubaliwa kwa wanene. Mtu aliyekuwa yambwa wa msaada akawa mwenye dai. Ni nadra kwa historia ya chama kusomeka waziwazi namna hii katika sarufi ya jina lake.

Mchango wa Freespirit unaowahusu wanaisimu umo katika uteuzi wa msamiati. Kiingereza cha wakati wake kilikuwa na istilahi ya kitabibu yenye asili ya Kilatini, iliyoufanya unene kuwa ugonjwa, na kilikuwa na neno linalomaanisha "mwenye uzito uliozidi", ambalo ndani yake tayari mna kipimo kinachomhukumu mtu. Aidha kilikuwa na tafsida nyingi za madukani na majumbani. Freespirit na wenzake walizikataa zote tatu wakachukua neno fupi la kale, fat, ambalo watoto hulitumia kutukana shuleni, wakalitumia kama kivumishi cha kawaida cha kueleza umbo, sawa na "mrefu" au "mfupi". Hoja yao ilikuwa kwamba tafsida humwambia anayetajwa kuwa hali yake ni aibu isiyotajika. Neno likitumiwa wazi na wenyewe, anayelitumia kama silaha hubaki na chombo butu.

Tendo hili, la wenye kutukanwa kulitwaa tusi na kulifanya jina lao, linajulikana vema katika isimujamii. Lakini Freespirit hakulifanya darasani. Mwimbaji Cass Elliot, aliyekuwa mnene na mashuhuri, alifariki London tarehe 29 Julai 1974 akiwa na umri wa miaka 32. Ulienea uvumi kwamba alikabwa na mkate alipokuwa akila kitandani. Uchunguzi wa maiti ulionyesha kuwa moyo ulisimama, na kooni hamkuwa na chakula. Uvumi haukukoma hata hivyo, kwa sababu ulikuwa na ladha ya fumbo la kimaadili: mnene kaponzwa na ulafi wake. Mwezi uliofuata, katika mkutano wa hadhara wa wanawake huko Los Angeles, Fat Underground walipanda jukwaani wakiomboleza, wakawashutumu madaktari kwa vyakula vya kujinyima walivyowaandikia watu kama yeye. Shutuma hiyo ilikuwa kali kupita ushahidi wake, na inafaa kusema hivyo bila kusitasita. Hata hivyo ilikuwa mara ya kwanza kwa wengi waliohudhuria kusikia kifo cha mtu mnene kikisimuliwa na wanene wenyewe.

3.0 Dai kwamba Afrika haina tatizo hili

Msomaji wa Afrika Mashariki huenda akajibu kwamba mambo haya ni ya Wazungu. Kwetu, atasema, unene ni neema na mwembamba ndiye anayeonewa huruma. Jibu hili limezoeleka hata vyuoni, na lina chembe ya ukweli ambayo inalifanya liwe gumu kupingwa. Linahitaji kupingwa hata hivyo.

Mfano unaotajwa mara nyingi ni wa Karagwe. Mwishoni mwa mwaka 1861 msafiri Mwingereza John Hanning Speke alifika katika baraza la Mfalme Rumanika, katika eneo ambalo leo limo mkoani Kagera. Alikuta kwamba wake wa watu wa nasaba ya kifalme hunenepeshwa kwa maziwa hadi wasiweze kusimama. Alimpima mmojawao, shemeji wa mfalme, na kuandika vipimo vyake katika kitabu alichokitoa mwaka 1863: mkono kiasi cha sentimita 58 kwa mzunguko, kifua 132, paja 79, muundi 51, kimo kiasi cha sentimita 173. Ili mama huyo akubali kupimwa, Speke aliahidi kumwonyesha naye mikono na miguu yake mitupu. Karibu naye aliketi binti wa miaka kumi na sita akinywa maziwa, na baba yake amesimama na fimbo mkononi ili asiache kunywa.

Mambo mawili katika habari hii hupuuzwa na wale wanaoitumia kuthibitisha kwamba Afrika iliuheshimu unene. La kwanza ni fimbo. Mwili unaonenepeshwa kwa fimbo hauko huru kuliko mwili unaokondeshwa kwa aibu. Yote miwili ni ya mwingine. La pili ni kwamba msomaji anaijua paja la mama huyo kwa sentimita, na jina lake halijui. Speke hakuliandika. Amebaki katika maktaba za dunia kama orodha ya vipimo, na wasomi wa Kiafrika waliomnukuu Speke wamekuwa wakiinakili orodha hiyo kwa uaminifu mkubwa kuliko ulivyostahili.

Chembe ya ukweli iliyotajwa inapatikana katika historia ya karibu zaidi. Miaka ya 1980, ugonjwa wa UKIMWI ulipoingia Uganda na Kagera, ambako wagonjwa wa kwanza wa Tanzania walitambuliwa mwaka 1983, watu wa kusini mwa Uganda waliupa jina la Kiingereza, Slim, yaani wembamba. Tangu hapo "umekonda" ilikuwa ni kauli ya kutisha, na "umenenepa" ikawa na maana ya "hujambo kweli". Pongezi inayosikika Singe leo inabeba kumbukumbu hiyo pamoja na kumbukumbu ya njaa za zamani. Ni pongezi ya kunusurika. Hakuna ushahidi kwamba imewahi kuwa kanuni ya haki za mtu mnene.

Wapo wanaomtaja mwanamuziki Pepe Kalle wa Kinshasa, kiongozi wa bendi ya Empire Bakuba, aliyeitwa Tembo na mashabiki wake na ambaye wachezaji wake jukwaani walikuwa pamoja na mbilikimo Emoro. Alipendwa Afrika Mashariki nzima hadi alipofariki Novemba 1998. Mapenzi hayo hayana shaka, lakini kushangiliwa jukwaani si sawa na kupewa kiti kinachotosha katika basi. Ukubwa wa mmoja na udogo wa mwenzake vilikuwa sehemu ya tamasha, na sauti yake iliyokuwa na daraja la juu kabisa ilistahili kutangulia kutajwa kuliko uzito wake. Februari 1999 hakukuwa tena na Pepe Kalle. Miaka ishirini baadaye, Februari 2019, waziri mdogo wa utalii wa Uganda, Godfrey Kiwanda, alizindua shindano la wanawake wenye maumbo manene na kuwahesabu miongoni mwa vivutio vya utalii wa nchi. Wanawake wengi wa Uganda walipinga vikali. Hawakupinga kusifiwa. Walichopinga ni kuwekwa katika orodha moja na sokwe na maporomoko ya maji.

4.0 Shina -nene na jamaa zake

Ikiwa jamii haina jibu moja, lugha yenyewe inasemaje? Hapa Kiswahili kina mengi, na baadhi yake yanashangaza.

Shina -nene ni la kale sana. Wanaisimu wa Kibantu wamelirejesha hadi Mame-Bantu kwa maana ya "kubwa", na maana hiyo bado ingali hai katika lugha nyingi jirani. Katika Kiganda -nene ni kubwa. Katika Kikikuyu vilevile, na mũnene ni mkubwa wa watu, chifu au kiongozi. Kiswahili kilikichukua kivumishi -kubwa kwa kazi hiyo na kulibana -nene hadi likabaki na upana wa mzingo: kitabu kinene, ukuta mnene, sauti nene, mtu mnene. Kwa hiyo mtu mnene wa Kiswahili ni mabaki ya "mtu mkubwa" wa Kibantu, aliyepokonywa cheo akaachiwa kiuno. Kiswahili cha mitaani cha Kenya, ambamo wanene ni wakubwa wa serikali, kimelirudisha neno mahali lilipotoka bila kujua.

Kutokana na shina hilo Kiswahili kimeunda kitenzi nenepa, kwa kiambishi kile kile -p- cha kuingia katika hali kinachoonekana katika uhusiano wa woga na ogopa. Kitenzi hiki ni cha watu hasa. Kwa wanyama na nyama kuna nona: ng'ombe amenona, nyama imenona. Anayesema kwamba mtu amenona aghalabu anatania, au anamtazama mtu huyo kama kitu cha kuliwa. Lipo pia wanda, neno la pwani ambalo kamusi za zamani zililiweka na ambalo wanafunzi wa bara wa leo hawalijui. Kuna nawiri, ambalo halina haja ya kilo hata moja, kwa kuwa ngozi yenye afya yatosha.

Linganisha sasa -nene na -nono. Kivumishi -nono kimehamia karibu kabisa katika fedha: mshahara mnono, zawadi nono, donge nono. Hakuna anayekejeliwa kwa donge nono. Hali ni hiyo hiyo kwa neno bonge. Maana yake ya msingi ni fumba la kitu kilichoshikana, kama udongo. Katika lugha ya vijana "bonge la nyumba" na "bonge la gari" ni sifa kubwa. Mtu akiitwa bonge, sifa inageuka kejeli, na upatanisho wa kisarufi unayumba: wengine husema "bonge huyu" na wengine "bonge hili". Kuyumba huko ndiko mahali ambapo mchunguzi anapaswa kuweka sikio lake, kwa sababu ndiko msemaji anakoamua, bila ya kujua kuwa anaamua, kama anayemsema ni mtu au ni fumba. Pamoja na bonge kuna jimama, ambalo ni la ukuzi, na tipwatipwa, ambalo kwa urudufu wake linauigiza mwendo wa mwili.

Kwa upande wa pili mna tafsida: "ana mwili", "amejaa", "mwenye mwili wake". Hizi hutumiwa kwa adabu, hasa mbele ya wakwe na wakubwa, na nia yake ni njema. Ila ni ajabu ya tafsida hizi kwamba zinamfanya mnene peke yake kuwa mwenye mwili, kana kwamba wembamba hawana. Nao wembamba wana mtetezi: wembamba wa reli, garimoshi hupita. Si rahisi kupata methali iliyozoeleka kiasi hicho inayomtetea mnene.

Neno ambalo halimo katika makundi haya mawili, la kejeli na la tafsida, ni -nene lenyewe. Ni neno la kawaida, lenye ukoo mrefu, lisilo na ubaya katika muundo wake. Freespirit alilazimika kuliokota neno lake katika matusi ya uwanja wa shule. Msemaji wa Kiswahili amelikuta lake kabatini, limevumbika tu.

5.0 Kiribatumbo

Badala ya kulitumia neno hilo, lugha rasmi ya afya nchini Tanzania imechagua jingine. Kwa hali ambayo Shirika la Afya Duniani huitambua kwa uwiano wa uzito na urefu kuanzia 30, matangazo na miongozo ya lishe hutumia neno kiribatumbo, na kwa wingi viribatumbo. Kiriba ni mfuko wa ngozi wa kuchukulia maji. Kwa hiyo mgonjwa anayeketi mbele ya mtaalamu huambiwa kwa lugha rasmi kwamba ana tumbo la kiriba, na mbaya zaidi, kwa ngeli ya ki-/vi-, gazeti huandika juu ya ongezeko la viribatumbo kana kwamba ni la vyombo ghalani.

Hapana budi kuwatendea haki waliolieneza neno hili. Walitaka neno fupi, la Kiswahili halisi, linaloeleweka na mtu asiyesoma Kiingereza. Nia hiyo ndiyo hiyo inayotakiwa katika uundaji wa istilahi. Lakini kanuni za uundaji wa istilahi zinadai usahihi pia, na hapa neno linashindwa: kipimo kinahusu uzito wa mwili mzima, neno linataja tumbo tu. (Kwa bahati tu, utafiti wa miaka ya karibuni unaonyesha kwamba mafuta ya tumboni yana hatari zaidi kuliko ya mapajani, hivyo neno limekaribia ukweli fulani wa kitabibu ambao halikuukusudia.) Kanuni nyingine, ambayo haimo katika miongozo mingi lakini ingefaa iwemo, ni kwamba istilahi ya hospitali isiwe neno ambalo mtu akiitwa nalo barabarani angegombana.

Baadhi ya wasomaji wataliona hili kuwa dogo. Si dogo kwa anayepimwa. Utafiti wa hali ya afya nchini wa mwaka 2015-16 ulionyesha kwamba wanawake 28 kati ya 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au unene wa kupindukia. Hao ndio wanaosomewa neno hilo. Wengi wao ni wale wale waliofundishwa kliniki kwamba uzito wa mtoto ukipanda katika kadi na kubaki kwenye kijani ni jambo jema na mama amefanya kazi yake. Mama huyo hupongezwa kwa kilo za mtoto miaka mitano mfululizo, kisha yeye mwenyewe akipanda mzani huo huo anakutana na kiriba. Asiporudi tena kupimwa shinikizo la damu au kisukari, ni nani wa kulaumiwa? Lugha si sababu pekee, lakini ni sababu iliyo rahisi kuondolewa kuliko nyingine zote, kwa kuwa haihitaji bajeti.

Mipaka yenyewe ya namba si ya milele. Uwiano unaotumika ulibuniwa na Adolphe Quetelet wa Ubelgiji katika miaka ya 1830 kwa ajili ya kueleza wastani wa watu, wala si afya ya mtu mmoja. Jina lake la kisasa ulipewa na Ancel Keys na wenzake mwaka 1972, mwaka mmoja kabla ya ilani ya Los Angeles. Mwaka 1998 taasisi za afya za Marekani ziliushusha mpaka wa uzito uliozidi kutoka kiasi cha 27 hadi 25, na mamilioni ya watu wakalala wazima wakaamka wamezidi. Mwaka 2013 chama cha madaktari wa nchi hiyo kiliutangaza unene wa kupindukia kuwa ni ugonjwa. Mwanaisimu hana ujuzi wa kuamua kama maamuzi haya yalikuwa sahihi kitabibu. Anachoweza kusema ni kwamba yalikuwa ni maamuzi ya kufafanua maneno, na kwamba anayefafanua neno hubeba wajibu.

Pendekezo linalotolewa hapa ni dogo. Miongozo ya afya iache kiribatumbo na kutumia "unene" kwa hali, "unene wa kupindukia" panapohitajika kiwango, na "mtu mnene" kwa mtu. Kamusi iliweke neno kiribatumbo, kwa kuwa limetumika na kamusi haipaswi kufuta historia, lakini iliwekee alama ya kejeli, kama inavyopaswa kufanya kwa bonge na tipwatipwa vinapotumiwa kwa watu. Baraza la Kiswahili la Taifa lina mamlaka na uzoefu wa kutosha wa kusanifu istilahi. Suala hili halimzidi nguvu.

6.0 Kinachochukuliwa na kinachoachwa

Kumheshimu mtu si kumeza kila alichosema. Fat Underground walishikilia kwamba madhara yanayohusishwa na unene yanatokana na kujinyima chakula, na dhiki ya kudharauliwa, zaidi kuliko mafuta yenyewe. Walikuwa na sababu ya kuwashuku madaktari: uchunguzi wa Albert Stunkard na Mavis McLaren-Hume wa mwaka 1959 ulifuatilia wagonjwa 100, na baada ya miaka miwili ni 2 tu waliokuwa wameendelea kuwa na upungufu wa ratili 20. Lakini uhusiano wa unene na kisukari cha ukubwani umethibitishwa mara nyingi tangu hapo, na dawa kama semaglutide, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2021 kwa ajili ya kupunguza uzito, zimetikisa dai kwamba uzito haupunguziki, ingawa hurudi kwa kiasi kikubwa dawa ikiachwa. Anayeichukua ilani ya 1973 na kuipeleka nzima katika zahanati ya Babati atakuwa amewakosea watu wa Babati.

Kinachostahili kuchukuliwa ni utengano ambao Freespirit aliusisitiza na ambao bado haujaeleweka hata Marekani kwenyewe: kwamba heshima ya mtu haingoji afya yake. Mgonjwa wa malaria hatukanwi kwa malaria. Sheria nayo iko nyuma katika jambo hili. Miongoni mwa majimbo ya Marekani, Michigan ndilo lililotangulia kukataza ubaguzi wa uzito kazini, kwa sheria ya mwaka 1976, na jiji la New York lilifuata mwaka 2023. Ibara ya 13 ya Katiba ya Tanzania, inapofafanua ubaguzi, inataja utaifa, kabila, pahala mtu alipotoka, maoni ya kisiasa, rangi, dini, jinsia na hali ya maisha. Mwili haumo. Kama "hali ya maisha" inaweza kuubeba ni swali la wanasheria, lakini ni swali la semantiki pia, na idara za Kiswahili zisingoje kuombwa.

Kuna kazi ya tafsiri. Ilani yenyewe haina zaidi ya kurasa mbili, na mwanafunzi wa shahada ya uzamili angeweza kuifasiri kwa juma moja, ila angekwama kwenye jina. "Ukombozi wa wanene" ni sahihi, lakini neno ukombozi nchini Tanzania limebeba uzito wa Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, iliyokuwa Dar es Salaam tangu 1963 hadi 1994, na baadhi ya wasomaji wangeona limeteremshwa. Waandishi wa ilani wasingeona hivyo. Walilichukua neno lao kutoka katika harakati hizo hizo za ukombozi za wakati wao. Istilahi iliyokuja baadaye, ya kukubali, ina matatizo zaidi. "Kukubali unene" kwa Kiswahili ni kukata tamaa. "Kukubalika kwa wanene" kunamwondoa mtendaji: wanene wanakubalika, hakuna anayetakiwa kufanya lolote. Katika kauli ya kutendwa, "kukubaliwa", ndimo mtendaji anamobaki amejificha akisubiri kutajwa, na kihusishi na kinamtaka ajitokeze. Kukubaliwa na nani? Na mwajiri, na mwalimu, na kondakta, na mhariri wa kamusi.

Kazi nyingine iko karibu zaidi. Babati ni mahali ambapo lugha za familia nne za Afrika zinakutana kwa umbali wa siku moja ya safari: Kigorwa na Kiiraqw za Kikushi, Kimbugwe na Kirangi za Kibantu, Kidatoga cha Kinailoti, na kwa upande wa kusini Kisandawe. Kigorwa kina bahati ya kuwa na kumbukumbu za sauti zilizohifadhiwa na Andrew Harvey, aliyemaliza tasnifu yake kuhusu nomino za lugha hiyo London mwaka 2018, na Kiiraqw kina sarufi ya Maarten Mous ya mwaka 1993. Mkazi wa Singe anayemwambia ndugu yake kwa Kiswahili "Umenenepa!" huenda anatafsiri salamu ya lugha ya mama yake, au huenda anaiga mazoea ya mjini. Mtafiti angeweza kukaa hapo miezi mitatu akiandika nani anamwambia nani, kwa lugha gani, mbele ya nani, na aliyeambiwa alijibu nini. Majibu hasa. Mpaka sasa kila anayeandika juu ya unene, tangu Speke na utepe wake wa kupimia, ameandika alichokiona au alichokisema yeye.